Kisichoganda

Kwenye ramani ya Rodion hakipo.
Mto Kelchan upo, mnene, wa buluu,
umeshuka toka milimani hadi Bahari ya Okhotsk,
na penye mlango wake wizara imepaka kijani:
hapa pahifadhiwe. Hapa dubu hupigwa picha.
Huko juu, penye vinyweleo vya maji,
karatasi ni nyeupe, na ndani ya weupe
duara dogo jekundu: machimbo ya kokoto za barabara.

Fevronia anaitazama kama mtu anayesomewa
barua ya jirani.
Miaka kumi na tisa amehesabu samoni
kwenye uzio wa mbao, kidole gumba
juu ya kibonyezo, tak, tak,
hata usingizini kidole kilicheza
na marehemu mumewe akauliza gizani: wangapi?

"Mlango mmeufunga vizuri," anasema.
"Twende nikuonyeshe kitanda."

Ni Machi, theluji inafika kiunoni.
Wanakwenda kwa miguu, yeye mbele,
mwanamke mwenye umri wa kumzaa,
Rodion nyuma, akihema kwa pua na kinywa.
Kelchan umelala chini ya barafu nene.
Lori lingepita juu yake
lisijue kwamba limevuka mto.
Kisha, nyuma ya mibetula iliyopinda,
mvuke.

Upana wake hatua nne. Kina, magotini.
Maji meusi, wazi, yanayopanda toka ardhini
na uvuguvugu wa huko yalikolala,
na batamaji wawili waliokataa kuhama.
"Bibi yangu alikiita Kisichoganda.
Neno lenyewe, la Kiitelmeni, sinalo.
Nilichapwa shuleni hadi likanitoka.
Maana ikabaki."

Halafu: "Vua glavu."
Anavua.
"Usichimbe. Sikiliza kwa vidole."
Kokoto kama mayai ya kuku, nyingine kama punje za hindi,
na kati yake maji yakipumua kwenda juu.
Moja inabingirika. Chini yake,
ndani ya tone la rangi ya chungwa,
macho mawili meusi yanamtazama.
Anafunika upesi, kama mtu
aliyefungua kwa makosa chumba cha mzazi.

"Kati ya kila kumi wanaopita uzioni kwangu
saba hutaga katika vijito vitatu kama hiki.
Vitatu. Ukivilaza ubavu kwa ubavu
havifikii upana wa barabara yako."

Bahari imewazungusha, sili akawakosa,
nyavu zikawakosa,
wakarudi wakifuata harufu tu,
midomo imepinda, matumbo hayajaonja kitu,
kwa kuwa kitovu chao kimezikwa hapa
na hakuna pengine.
Mtu anaweza kulinda mlango na madirisha
huku akimuuzia mpita njia godoro.

"Lakini kokoto hizi," anaanza Rodion,
na haya zinamshika kabla hajamaliza,
"ndizo wahandisi wanazozitafuta.
Zimeoshwa. Zimechambuliwa kwa ukubwa."
"Nani alizichambua?"
Batamaji mmoja anatikisa shingo.
Rodion anapangusa mkono kwenye koti,
anaupangusa tena, umeshakauka.

Usiku, jikoni, ramani iko mezani
kati ya chumvi na bakuli la mchuzi wa vichwa.
Kwa penseli anatia doa kwenye weupe,
doa kama yai, kisha la pili, la tatu
pale kidole chake Fevronia kinapomwelekeza.
Duara jekundu hana ruhusa ya kulifuta.
"Kamati Petropavlovsk itakaa Juni," anasema. "Pengine Julai."

"Juni watoto watakuwa wametoka kokotoni.
Wao hawana pengine."
Anakata mkate. Anamwongezea mchuzi, bila kuulizwa.
Na kidole gumba, juu ya kitambaa cha meza,
tak,
tak,
kinahesabu ambao bado hawajapita.